Chanjo ya Mtoto Itolewe Siku Yake: Mwongozo kwa Wafawidhi wa Zahanati na Vituo vya Afya

Maswali ni yale yale kila robo mwaka. Tufungue chupa ya BCG (chanjo ya kifua kikuu) kwa ajili ya mtoto mmoja? Mtoto ana kikohozi, tumchanje au arudi akipona? Asilimia yetu ya Penta 3 (dozi ya tatu ya chanjo ya magonjwa matano) ni nzuri, mbona mratibu wa chanjo wa halmashauri anasema tunachelewesha? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako wewe mfawidhi, na muuguzi uliyemkabidhi kliniki ya mama na mtoto. Kazi yake ni kukusaidia kuwafikisha watumishi wako mahali ambapo mtoto aliyefika kituoni siku yake harudishwi nyumbani bila chanjo.

Asilimia za mwezi hazionyeshi kuchelewa. Mtoto aliyepata Penta 1 akiwa na miezi 4 anahesabiwa sawasawa na aliyeipata wiki ya 6, ilhali amepita bila kinga katika miezi ile ile ambayo kifaduro huua zaidi. Na mara nyingi mama huyo alikwishafika kituoni. Aliambiwa leo si siku ya BCG, au mtoto ana mafua, au watoto hawajatimia wa kufungulia chupa. Mtumishi aliyemrudisha huwa si mvivu. Anaogopa kuulizwa kwa nini amepoteza dozi, anaogopa mtoto akipata homa atalaumiwa yeye, na hajawahi kuandikiwa popote kwamba anaruhusiwa kuamua. Hapo ndipo pa kuanzia.

Ratiba inayotumika hapa ni ya Tanzania. Mtoto akizaliwa anapewa BCG na matone ya polio ya mwanzo (OPV 0). Wiki ya 6 na ya 10 anapata OPV, Rota (ya kuhara), Penta na PCV (ya kichomi). Wiki ya 14 ni OPV, Penta, PCV na sindano ya polio, yaani IPV. Surua-rubela hutolewa miezi 9, kisha miezi 18. Aliye Kenya au kwingineko afuate ratiba ya nchi yake. Hata mahali pa kuchoma hutofautiana, kwa mfano BCG Tanzania huchomwa bega la kulia, Kenya kigasha cha kushoto.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Rejista ya watoto (kitabu namba 7 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya) ya mwaka mmoja uliopita, rejista ya wodi ya wazazi, na rejista ya wagonjwa wa nje.
- Leja ya chanjo na fomu za joto la jokofu za miezi 3 iliyopita.
- Daftari kubwa moja, rula, kalamu nyekundu, na kalenda ya ukutani inayoonyesha wiki.
- Simu ya kituo yenye vocha. Simu binafsi ya muuguzi haifai, maana akihamishwa inaondoka na mawasiliano yote.
- Orodha ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wenyeviti wa vitongoji, pamoja na namba zao.
- Adrenalini isiyopitwa na muda, na mabomba madogo ya mililita 1, pale pale kwenye meza ya chanjo.
- Saa 2 za mkutano na watumishi wote. Daktari msaidizi, mtu wa maabara, mhudumu wa mapokezi na mlinzi wa getini wawemo, kwa sababu wote hukutana na mama kabla ya muuguzi wa chanjo.

Hatua ya 1: Hesabu siku

Chukua watoto 30 wa mwisho waliotimiza miezi 10 katika rejista. Usichague wenye kumbukumbu safi. Kwa kila mmoja andika tarehe ya kuzaliwa, kisha idadi ya siku hadi alipopata BCG, Penta 1, Penta 3 na surua-rubela ya kwanza. Tumia mipaka hii kwa kazi ya ndani ya kituo: BCG ndani ya siku 7; Penta 1 kati ya siku ya 42 na ya 56; Penta 3 kati ya siku ya 98 na ya 112; surua-rubela ndani ya wiki 4 tangu atimize miezi 9.

Asiyepata kabisa anaingia kundi la waliochelewa, usimwondoe. Watoto 19 kati ya 30 wakiwa ndani ya mpaka, umepata asilimia 63, na hiyo ndiyo namba yako ya kuanzia. Fanya hivyo kwa kila chanjo peke yake. Vituo vingi vitaona BCG na surua-rubela ndizo zinazochelewa kuliko nyingine, na sababu iko hatua ya 3.

Linganisha pia majina ya wodi ya wazazi na rejista ya watoto. Aliyezaliwa kituoni kwako akakosekana kabisa kwenye kitabu namba 7 ni mtoto wa kutafutwa wiki hii hii.

Hatua ya 2: Tafuta alipita mlango gani

Kwa kila aliyechelewa, angalia kama jina lake au la mama yake limo kwenye rejista ya wagonjwa wa nje, mpango wa uzazi, au mizani ya kila mwezi katika siku zile alizokuwa anadaiwa chanjo. Likiwemo, andika kwa kalamu nyekundu: ALIKUWEPO. Kisha kaa na muuguzi mtafute sababu kwa upole. Ukiuliza kama polisi utapewa jibu moja tu, kwamba mama hakuja.

Gawa sababu katika mafungu manne: chupa haikufunguliwa, mtoto alionekana mgonjwa, chanjo au vifaa vilikwisha, hakuna aliyeangalia kadi. Fungu kubwa kuliko mengine ndilo utakaloanza nalo. Usijaribu kurekebisha yote manne mwezi wa kwanza.

Hatua ya 3: Ondoa hofu ya kufungua chupa, tena kwa maandishi

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, nayo ndiyo inayorukwa mara kwa mara kwa sababu haihitaji fedha wala semina.

Chupa ya BCG ina dozi 20, ya surua-rubela ina dozi 10. Zote mbili ni unga unaochanganywa na maji yake maalum, na zikishachanganywa maisha yake ni saa 6 au mwisho wa kliniki ya siku hiyo, lolote litakalotangulia. Baada ya hapo hutupwa. Muuguzi anaona dozi 17 zikienda, anakumbuka swali la msimamizi aliyepita, na mtoto wa kesho anaambiwa arudi Jumatano. Jumatano mama yuko shambani.

Chanjo iliyobaki na kutupwa imeshawekwa kwenye hesabu za mahitaji. Mtoto atakayeugua surua kwa kukosa chanjo hayumo kwenye hesabu hizo. Andika agizo lenye sahihi yako, ulionyeshe kwa mratibu wa chanjo wa halmashauri naye atie sahihi, kisha ulibandike juu ya jokofu. Maneno yanaweza kuwa haya:

*Kuanzia leo, mtumishi anayefungua chupa ya BCG au ya surua-rubela kwa ajili ya mtoto hata mmoja anatekeleza agizo la kituo. Dozi zitakazobaki na kutupwa zitaandikwa kwenye leja kama upotevu unaotarajiwa. Maelezo yatatolewa na mfawidhi, si na aliyefungua.*

Sentensi ya mwisho ndiyo inayobadilisha mazoea, usiifute.

Kisha badilisha namna ya kuagiza. Chanjo za unga agiza kwa kuhesabu siku mnazofungua, wala usitumie idadi ya watoto. Kituo kinachopata watoto 15 kwa mwezi na kufungua BCG siku 9 kinahitaji chupa 9. Ongeza robo kwa ajili ya akiba, utapata chupa 12 baada ya kukadiria juu. Idadi ya maji ya kuchanganyia iwe sawa na ya chupa, tena yatoke kwa mtengenezaji yule yule aliyetengeneza chanjo hiyo.

Ili chupa iliyofunguliwa iwafae wengi, muuguzi apige simu mara tu anapofungua. Mama waliojifungulia nyumbani juzi, waliokuwa wanangoja miezi 18, wa kitongoji cha jirani: saa 6 zinatosha wafike. Simu ifuate kufungua. Isiwe sharti la kufungua.

Hofu hiyo hiyo isihamie kwenye chanjo za maji. OPV, Penta, PCV na IPV za dozi nyingi zikishafunguliwa zinaweza kutumika hadi siku 28, ilimradi hazijapitwa na muda, zimetunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, hazijaganda, kifuniko hakijazama majini, na VVM yake (alama ya joto iliyo kwenye chupa) bado ni nzuri. Andika tarehe ya kufungua juu ya chupa. VVM husomwa kwa kulinganisha: mraba wa ndani ukiwa mweupe kuliko duara linalouzunguka, tumia, ukilingana na duara au ukiwa mweusi zaidi, usitumie.

*Onyo.* Jokofu la chanjo lihifadhi chanjo na maji yake tu. Septemba 2014 huko Idlib, Syria, watoto 15 walikufa baada ya dawa ya kulegeza misuli inayotumika kwenye usingizi wa upasuaji kuchukuliwa kama maji ya kuchanganyia chanjo ya surua. Oksitosini ikibidi kukaa humo kwa kukosa jokofu jingine, iwe kwenye kisanduku chake kilichofungwa na kuandikwa, rafu tofauti.

Hatua ya 4: BCG na OPV 0 kabla mama hajatoka wodini

Mtoto aliyezaliwa kituoni asiruhusiwe kabla ya kuchanjwa, labda awe mgonjwa wa kupewa rufaa. Mpe mkunga wa zamu ufunguo wa jokofu, na umfundishe kuchoma ndani ya ngozi: dozi ni mililita 0.05, bega la kulia, na ikiingia vizuri kinajitokeza kivimbe kidogo cheupe kama ganda la chungwa. Kisipojitokeza, sindano imekwenda chini sana. Usirudie siku hiyo, na mtumishi arudie mafunzo kwa kuangaliwa.

Fomu ya kuruhusiwa iwe na mstari mmoja: *BCG ☐ OPV 0 ☐ Tarehe ya wiki 6: ____*. Bila mstari huo kujazwa, mama haruhusiwi.

OPV 0 ni matone 2, ndani ya siku 14 za mwanzo. Zikipita, achana nayo na anza OPV 1 wiki ya 6. BCG haina mkato huo, mpe mtoto siku yoyote atakayofika. Aliyezaliwa nyumbani apokewe bila kuulizwa habari za faini wala kufokewa mbele za watu. Mama aliyeaibishwa kwenye BCG hamtamwona wiki ya 6.

Hatua ya 5: Bandika ukutani ni nani asirudishwe

Andika kwa herufi kubwa, karibu na mizani na katika chumba cha daktari. Mtoto huyu ANACHANJWA LEO:

- ana mafua, kikohozi, au homa ndogo isiyofika nyuzi 38.5
- anaharisha kidogo (akiharisha siku ya OPV, mpe, wala usingoje apone)
- ana utapiamlo
- alizaliwa na uzito mdogo au njiti, sasa ana hali tulivu
- yuko kwenye antibayotiki
- amezaliwa na mama mwenye VVU, yeye mwenyewe hana dalili
- ndugu yake aliwahi kupata degedege
- alipata homa au uvimbe mdogo chanjo iliyopita

Orodha ya wanaosubiri au kupelekwa kwa daktari ni fupi. Aliyepata mshtuko mkali wa mzio baada ya dozi iliyopita asipewe tena chanjo hiyo. Mtoto aliyethibitika kuwa na VVU, daktari aamue kuhusu BCG na surua-rubela. Aliyepata degedege au kuzimia ndani ya siku 3 baada ya Penta apelekwe kwa daktari kabla ya nyingine. Aliyewahi kujisokota utumbo asipewe Rota. Mchanga ambaye mama yake ana kifua kikuu cha mapafu huanzishiwa dawa ya kinga kwanza, na BCG hungoja amalize. Chanjo zake nyingine zinaendelea kama kawaida.

Mtoto mgonjwa sana wa kulazwa anatibiwa kwanza, halafu anachanjwa kabla ya kutoka wodini. Hiyo sehemu ya pili husahauliwa kila mahali. Iandike kwenye faili lake siku anayolazwa.

Hatua ya 6: Sindano zote za siku hiyo zitolewe siku hiyo

Wiki ya 14 mtoto ana sindano 3. Baadhi ya watumishi huona huruma, wakatoa mbili na kumwambia mama arudi kwa IPV. Huruma hiyo inampa mtoto safari nyingine ya kulia na inampa mama nauli nyingine. Hakuna usalama unaoongezeka kwa kuzigawa.

Anza na za mdomoni, OPV (na Rota, wiki ya 6 na ya 10), mtoto akiwa bado ametulia. Kisha mama ampakate, mguu mmoja ukishikwa kati ya mapaja yake. Penta mililita 0.5 paja la kushoto, sehemu ya nje ya katikati, kwenye msuli. PCV mililita 0.5 paja la kulia. IPV mililita 0.5 paja hilo hilo la kulia, umbali wa sentimita 2.5 kutoka PCV. Choma wima, usivute bomba nyuma kutafuta damu, usisugue baada ya kuchoma. Mtoto anyonyeshwe mara moja. Surua-rubela ni mililita 0.5 chini ya ngozi, mkono wa juu wa kushoto.

Bomba lililotumika liende moja kwa moja kwenye sanduku la usalama bila kurudishiwa kifuniko, na sanduku lifungwe likijaa robo tatu. Mama abaki kituoni dakika 15 hadi 30.

Hatua ya 7: Kadi iulizwe kila mlango

Mhudumu wa mapokezi aulize kila mama mwenye mtoto wa chini ya miaka 2, hata kama aliyeletwa kutibiwa ni mwingine: *Mama, kadi ya mtoto iko wapi? Tuone chanjo yake.* Aliye na deni abandikiwe kipande cha karatasi nyekundu, apitie chumba cha chanjo kabla ya dirisha la dawa. Hapa mtiririko una maana: akishapata dawa, mama anaondoka.

Wape wauguzi ruhusa ya jumla, iliyoandikwa, ya kuchanja kwa kufuata ratiba bila kungoja saini ya daktari kwa kila mtoto.

Hatua ya 8: Tarehe ya kurudi

Makosa mengi yasiyoonekana yako hapa. Chukua mtoto aliyezaliwa Jumatatu 3 Machi 2025. Wiki 6 zake zilitimia Jumatatu 14 Aprili, wiki 10 Jumatatu 12 Mei, wiki 14 Jumatatu 9 Juni. Siku ya juma haibadiliki, kwa hiyo kalenda ya ukutani inatosha kumhakiki muuguzi. Surua-rubela inahesabiwa kwa miezi: 3 Desemba 2025, kisha 3 Septemba 2026.

Makosa matatu ya kukagua kwenye kadi:

1. Kuandika "mwezi mmoja" badala ya wiki 4. Kila mara zinapotea siku 2 au 3.
2. Kuhesabu miezi 9 kama wiki 36. Mtoto wetu angeitwa 10 Novemba, siku 23 kabla ya wakati.
3. Kwa aliyechelewa, kuendelea na tarehe za zamani. Angefika kwa Penta 1 tarehe 5 Mei, Penta 2 ingekuwa 2 Juni na Penta 3 ingekuwa 30 Juni. Kati ya dozi na dozi ni wiki 4 zisizopunguzwa, na mtoto haanzishwi upya hata akichelewa miezi.

Tarehe ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu, andika siku ya kazi inayofuata, usiitangulize. Kisha muuguzi amwambie mama, bila haraka: *Mama Neema, leo mtoto amepata kinga ya polio, kuhara, kichomi na ile ya magonjwa matano. Anaweza kuchemka usiku, mnyonyeshe sana. Akizidi kuchemka au akikataa kunyonya, mlete hata usiku. Turudi Jumatatu ya tarehe 12 Mei. Kadi itunze. Hebu niambie, unarudi lini?* Jibu la mama ndilo kipimo. Akisema "mwezi ujao", rudia.

Hatua ya 9: Wafuatilie kabla hawajapotea

Kwenye daftari kubwa, tenga kurasa kwa kila wiki ya mwaka. Kila mtoto anayeondoka, jina lake liandikwe kwenye wiki anayotakiwa kurudi, pamoja na namba ya simu, kitongoji, na jina la balozi au jirani. Akija, mstari unakatwa. Ijumaa saa 8 mchana, wasiokatwa wanahesabiwa.

Siku 2 kabla ya tarehe, tuma ujumbe: *Mama wa Neema, chanjo ya wiki 10 ni Jumatatu 12 Mei kuanzia saa 2 asubuhi. Hailipiwi. Njoo na kadi.* Usitaje ugonjwa wala hali ya mama, simu za nyumbani husomwa na wengi. Siku 7 baada ya kukosa, piga simu. Siku 14, mhudumu wa afya ngazi ya jamii apite nyumbani. Aliyeko mbali sana aingizwe kwenye ratiba ya huduma ya mkoba (chanjo inayopelekwa kijijini), na ratiba hiyo isiahirishwe. Mama waliotembea saa 2 hadi chini ya mti wakakuta hakuna mtu hawaji mara ya pili.

Hatua ya 10: Rudisha namba kwa watumishi

Kila mwisho wa mwezi, dakika 30. Chora ukutani mistari miwili tu: asilimia ya BCG ndani ya siku 7, na ya Penta 1 ndani ya siku 56. Linganisha mwezi huu na uliopita. Usitaje jina la aliyekosea mbele ya wenzake. Huyo muite pembeni. Aliyefungua chupa kwa ajili ya mtoto mmoja mtaje kwa jina, mbele ya wote.

Ongeza hesabu ya waliokatisha: Penta 1 toa Penta 3, gawa kwa Penta 1, zidisha kwa 100. Ikizidi 10, watoto wanaanza na kuishia njiani, rudi hatua ya 8 na ya 9. Rudia zoezi la watoto 30 la hatua ya 1 kila baada ya miezi 3.

Mambo yakikwama

*Chanjo moja imekwisha.* Toa zilizopo zote leo, andika jina kwenye orodha ya wanaodai, mpigie mama itakapofika. "Rudi wiki ijayo uangalie" si tarehe. Halafu kagua leja: kuishiwa mara mbili kwa robo moja maana yake hamkuongeza ile robo ya akiba, au mnaagiza baada ya akiba kuisha.

*Kadi imepotea.* Tafuta kwenye rejista, toa kadi mpya papo hapo na nakili. Kumbukumbu isipopatikana popote, mhesabu kama hajachanjwa na umpe za umri wake. Dozi ya ziada haimdhuru kama kuikosa.

*Mtoto ana miezi 5, hajapata chochote.* Siku hiyo hiyo: BCG, OPV, Rota, Penta, PCV na IPV. Sindano 4, penye nafasi zake. Arudi baada ya wiki 4. Mtumishi akisita, kaa naye hadi amalize.

*Umeme umekatika.* Usifungue jokofu. Soma kipimajoto bila kuchungulia ndani, kama kiko nje. Muda ukirefuka, hamishia kwenye kibebeo chenye vipande vya barafu vilivyoanza kuyeyuka: vitikise, ukisikia maji yanacheza ndani, vitumie. Barafu ngumu kutoka kwenye friza hugandisha Penta, PCV na IPV, na chanjo iliyoganda huonekana sawa na nzima.

*Inashukiwa Penta imeganda.* Chukua chupa ya toleo lile lile, igandishe makusudi usiku kucha, iyeyuke. Itikise pamoja na inayoshukiwa, ziweke mezani. Inayoshukiwa ikitulia na kuacha mashapo kwa kasi ile ile ya iliyogandishwa, imeharibika. Ikichelewa kutulia, ni nzima.

*Mtoto amelegea au amevimba uso dakika chache baada ya sindano.* Mlaze, adrenalini 1:1000 kwenye msuli wa paja, mililita 0.01 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 5 ni mililita 0.05. Piga simu ya rufaa, rudia baada ya dakika 5 kama hajapata nafuu. Kisha jaza fomu ya maudhi ya chanjo. Fomu hiyo inamlinda mtumishi, mweleze hivyo.

*Bega la BCG lina kidonda.* Wiki 2 au 3 baada ya chanjo hutokea kivimbe, hupasuka, hukauka na kuacha kovu. Kisafishwe kwa maji, kisipakwe dawa wala kufungwa. Tezi la kwapa likivimba sana, apelekwe kwa daktari.

*Baba amekataa.* Usimpe mama kazi ya kubishana nyumbani. Mwombe namba yake, ampigie mtumishi mwanamume au mhudumu wa kijiji chao, amsikilize hofu yake kwanza. Andika tarehe mpya ya karibu, ndani ya wiki 2.

*Namba hazipandi licha ya juhudi.* Angalia kwanza tarehe za kuzaliwa. Zilizoandikwa kwa makadirio huonyesha kuchelewa kusikokuwepo. Pili, watoto waliohamia kutoka kwingine wahesabiwe pembeni. Tatu, simama kwa siku moja kwenye mapokezi, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana, uhesabu mama wanaoondoka bila kuulizwa kadi.